Tovuti ya kituo cha vimbunga cha Miami: usianze na koni

Kimbunga kikizidi nguvu huku kikielekea pwani yenye watu wengi, simu hujaa picha za setilaiti na video za wakisiaji. Utabiri rasmi unaonukuliwa na karibu wote hutoka mahali pamoja: nhc.noaa.gov, tovuti ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichopo Miami. Ni bure, haina matangazo, na kurasa zake za maandishi hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Kwa Waswahili wanaoishi Houston au Tampa, na kwa ndugu zao wa Dar na Mombasa wanaokesha wakiwafuatilia, hatujaona huduma inayoizidi. Tatizo ni kwamba wengi huangalia koni peke yake, yaani mchoro wa eneo ambamo jicho (kitovu) la kimbunga linatarajiwa kupita, na tovuti yenyewe inachangia kwa kuiweka mbele kabisa.

Koni ile huchorwa kwa kuunganisha miduara. Ukubwa wa kila duara hutokana na makosa ya utabiri ya miaka mitano iliyopita, kwa kipimo kwamba katika theluthi mbili ya matukio jicho hubaki ndani. Theluthi nyingine hutoka nje, na hilo ni jambo la kawaida. Kufikia siku ya tano duara huwa na nusu kipenyo kinachozidi kilomita 350. Zaidi ya hapo, koni haielezi upana wa upepo wala kina cha maji. Septemba 2024 jicho la kimbunga Helene lilipita mbali baharini, magharibi mwa Tampa Bay, ghuba iliyo pwani ya magharibi ya Florida, likaenda kutua Big Bend, kaskazini zaidi, lakini bahari iliingia majumbani kuizunguka ghuba ile. Oktoba 9 mwaka huohuo, saa kadhaa kabla ya kimbunga Milton kutua Siesta Key, pwani hiyohiyo ya magharibi, tornado (kisulisuli kikali) ziliua watu Kaunti ya St. Lucie, upande wa pili kabisa wa Florida.

Anza na ramani ya mafuriko ya bahari, yaani maji yanayosukumwa nchi kavu na upepo wa kimbunga. Hii ndiyo kazi bora ya kituo hiki, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Tarakimu zake ni kina cha maji juu ya ardhi unayosimama, si juu ya usawa wa bahari. Futi 6 ni kama mita 1.8: maji yanamfunika mtu mzima. Ramani ya rangi, yenye buluu, njano, chungwa na nyekundu, huonyesha hali mbaya inayowezekana, kwa kiwango ambacho uwezekano wa maji kukizidi ni asilimia 10 tu. Ndiyo maana Tampa iliandikiwa maji mengi kabla ya Milton, kisha bahari ikarudi nyuma badala ya kupanda. Baadhi ya watu walisema walidanganywa. La hasha. Kaskazini mwa ikweta upepo huzunguka kinyume cha saa. Kimbunga kikiingia kutoka magharibi, kusini mwa jicho upepo husukuma bahari nchi kavu, na kaskazini huivuta nje. Jicho lilitua kusini mwa Tampa, hivyo maji yakapanda upande wa Venice, mji wa Florida ulio kusini zaidi. Lingetua kilomita chache kaskazini mwa mdomo wa ghuba, mambo yangegeuka. Hakuna utabiri wa siku mbili kabla unaoweza kutenganisha hali hizo mbili.

Ramani ya pili ni ya saa ambapo upepo wa kilomita 63 kwa saa utafika. Ipo ya aina mbili. Chagua ile ya muda wa mapema zaidi, ambao uwezekano wa upepo kuutangulia hauzidi asilimia 10. Kufunga mbao madirishani, kujaza mafuta na kuondoka kuishe kabla ya saa hiyo. Upepo ukishafika, ngazi haipandiki.

Kuhusu nguvu, achana na picha, fungua maandishi yanayoitwa mjadala. Mtabiri wa zamu hueleza anachoamini na anachotilia shaka, na chini kuna jedwali la kasi ya upepo kuanzia saa 12 hadi saa 120 zijazo, kwa noti (kipimo cha mwendo cha mabaharia) na maili kwa saa. Zidisha noti kwa 1.85 upate kilomita kwa saa. Linganisha taarifa mbili zinazofuatana: kanieneo ya hewa inashuka, dalili ya kimbunga kuimarika? Upepo ukipanda noti 30 ndani ya saa 24, hicho ni kimbunga kinachokua kwa kasi. Milton ilikuwa kategoria 1, ya chini kabisa kati ya tano, usiku wa kuamkia Oktoba 7, ikawa kategoria 5 kufikia adhuhuri. Na kategoria hupima upepo tu.

Hapa ndipo udhaifu ulipo. Njia ya jicho hutabirika vizuri siku hizi. Ukuaji wa ghafla bado husumbua. Oktoba 2023 kimbunga Otis kiligeuka kutoka dhoruba ya kawaida hadi kategoria 5 chini ya siku moja, kikaupiga mji wa Acapulco, Mexico, usiku. Modeli za kompyuta hazikuliona hilo, na ndege ya uchunguzi ilipoingia mchana wa tarehe 24 ilikuta upepo mkali kuliko makadirio ya setilaiti. Jipange kwa kategoria moja juu ya iliyoandikwa.

Taarifa kamili hutoka saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku za Miami wakati wa kiangazi. Afrika Mashariki ni saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku na saa 12 asubuhi. Onyo la pwani likishatolewa, nyongeza huja katikati, kila saa tatu. Lugha ni Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakuna.

Kwa kimbunga cha Bahari ya Hindi, kama Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024, tovuti hii haikusaidii. Fuata Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na kituo cha vimbunga cha La Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Tahadhari na vipimo: Miami hukokotoa wastani wa upepo wa dakika 1, La Réunion dakika 10, kwa hiyo kimbunga kilekile husomeka dhaifu zaidi La Réunion.

Jambo moja tovuti haikupi: zoni yako ya kuhama. Florida zoni huanzia A hadi F na hupangwa na kaunti. Itafute kwenye tovuti ya kaunti yako leo, uiandike kwenye karatasi, kwa sababu siku ya amri ya kuhama kurasa hizo huelemewa.