Honda NT1100 ya klachi mbili: inafaa safari ndefu, ila ijue gia yake kwanza

Honda walileta sanduku la gia la klachi mbili kwenye pikipiki kwa mara ya kwanza kupitia VFR1200F ya mwaka 2010. NT1100, iliyoingia soko la Ulaya kama toleo la 2022, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini sanduku hilo linafaa pikipiki ya safari za lami. Injini na fremu zina asili ya Africa Twin, pikipiki ya Honda ya barabara mbaya: silinda 2, cc 1,084, nguvu za farasi 102 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 104 kwenye mizunguko 6,250 kwa dakika. Toleo la 2025 lilibakiza nguvu hiyohiyo lakini torki ikapanda hadi Nm 112, tena kwenye mizunguko 5,500 tu. Badiliko hilo unalihisi ukiwa na abiria na mizigo.

Yenye gia za kawaida ina uzito wa kilo 238, ya otomatiki, yaani ya klachi mbili, kilo 248. Kilo 10 hizo zinajilipa, mradi dereva aelewe kinachotendeka ndani.

Klachi moja inahudumia gia ya 1, 3 na 5; nyingine inahudumia ya 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye gia ya 3, ya 4 inaandaliwa upande wa pili, kwa hiyo kubadilisha ni klachi moja kuachia huku mwenzake akishika. Nguvu haikatiki kwenye tairi la nyuma, na helmeti ya abiria haigongi yako kila unapopanda gia. Ukiingiza D, yaani otomatiki ya kawaida, injini ikiwa ya baridi utasikia mlio wa chuma na pikipiki itashtuka kidogo. Huo si ubovu, ni gia ya 1 inaingia.

Tatizo la D ni haraka yake ya kupanda gia. Mjini utajikuta kwenye gia za juu na injini ikivuta kwa uzito. Inaokoa mafuta, lakini ukihitaji kulipita lori inabidi usubiri ishuke. S, otomatiki ya mwendo wa kasi, ina ngazi 3, na kwa barabara nyingi ngazi ya 1 au ya 2 ndiyo inayostahili kuachwa muda wote. Ya 3 inashikilia gia mno, inachosha. Kabla ya kona ya mteremko, bonyeza kitufe cha kushusha gia kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto mara 1 au 2 ili injini isaidie kupunguza mwendo. Kompyuta itatii, kisha baadaye itarudi yenyewe kwenye otomatiki. Hakuna haja ya kuhamia M, yaani kubadilisha gia mwenyewe, kwa ajili ya hilo.

Wengi huiangusha wakiwa kwenye mwendo wa polepole. Hakuna wenzo wa klachi wa kuachia kidogo kidogo, na anayeifunga eksileta ghafla katikati ya kugeuza njia nyembamba anaikuta klachi imeachia na pikipiki inalala. Njia sahihi ni kukanyaga breki ya nyuma kidogo, kushikilia eksileta mahali pamoja bila kuitikisa, na kutazama unakokwenda. Mwendo unaurekebisha kwa mguu, si kwa mkono. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa. Fanya zoezi hili kwenye uwanja mtupu bila mizigo hadi mguu uzoee. Toleo la 2025 lina kihisi cha mihimili 6 kinachojua pikipiki imelala kiasi gani, hivyo gia hazibadiliki hovyo kwenye kona, na ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) nayo inazingatia ulalo huo. Kwa anayenunua mpya, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulichagua.

Ukizima injini, gia inarudi N (gia huru) yenyewe. Maana yake huwezi kuiegesha mlimani ikiwa ndani ya gia. Tumia breki ya maegesho, ambayo wenzo wake uko upande wa kushoto wa usukani. Jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji: haiwashwi kwa kusukuma. Klachi zinabanwa kwa shinikizo la oili, na bila injini kuzunguka hakuna shinikizo. Betri ikifa porini umekwama, kwa hiyo beba chaja ndogo ya kuamshia betri, na ubadilishe betri mara inapoanza kuchoka.

Kwenye matengenezo, oili ndiyo kila kitu, kwa sababu oili ileile ya injini ndiyo inayoogesha na kubana klachi. Tumia 10W-30 yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Usiweke oili ya gari iliyoandikwa kwamba inaokoa nishati, kwani viungo vyake vya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze. Filta ni mbili: ya injini, na ndogo ya klachi iliyo chini ya kifuniko chake yenyewe. Gereji isiyoijua pikipiki hii hubadilisha ya kwanza tu. Ukiitoa ile ndogo, angalia kwanza upande gani ulitazama ndani, na usipoteze springi yake. Vali zinakaguliwa kila kilomita 24,000.

Kuhusu starehe hakuna mengi ya kulalamikia. Tanki la lita 20.4 linatosha kilomita 400 hivi ukiendesha kwa utulivu, kiti kiko sentimita 82 kutoka ardhini, na breki za mbele zinashika bila kushtua. Kioo cha upepo kina nafasi 5, lakini kwenye matoleo ya kwanza lazima usimame ukirekebishe. Kinachokera ni cheni. Pikipiki ya safari ilistahili shafti, kama VFR1200F ilivyokuwa nayo. Ipake mafuta kila kilomita 1,000, na kila baada ya mvua kubwa. Upepo wa tairi ni psi 36 mbele na 42 nyuma.

Kwa aliye Ulaya anayefikiria kuja nayo Nairobi au Arusha: lami nzuri itaipenda, lakini magurudumu yake ni ya inchi 17 na tumbo liko chini kuliko la Africa Twin. Matuta marefu yapite polepole na kwa kunyooka, na barabara za murram zenye kokoto usizifanye za kila siku.

Ukinunua iliyotumika, iwashe ikiwa ya baridi, ingiza D, kisha M, na ukiendesha upitie gia zote 6 kupanda na kushuka. Alama ya kistari ikimeta kwenye nafasi ya namba ya gia wakati wa kuendesha, mfumo umeona hitilafu. Usilipe kabla haijasomwa kwa mashine. Funga breki ya maegesho kwenye mteremko uone kama inashika, maana wapo wanaoondoka wakiwa wameisahau na pedi zake zikaisha. Mwisho dai risiti ya huduma inayotaja filta ya klachi kwa jina.