Miezi tatu ya masomo ya teatre hapa Lushi (Lubumbashi): kile nilipata na kile sikupata

Bandugu, tangu niliweka foto ya siku ya mwisho ya formasio ku status, batu banazidi kuniandikia paka ulizo moja: yaya, mutu akilipa ile masomo ya teatre, nyuma ya miezi tatu anakuwa akteri kweli? Nilijibu mutu moja moja mpaka nikachoka, basi niandike mara moja na niandike yote, ju najua bengine kati yenu banataka kulipa na falanga ya bazazi, na mi sipendi mutu aingie na ile mawazo nilikuwa nayo siku ya kwanza.

Ile mawazo ilikuwa hivi: najua kulia, najua kuiga sauti ya mama jirani, nikianza ku nyumba bote banacheka, donc inabaki paka mutu anionyeshe vile banasimama mbele ya kamera na njo nitaanza kuonekana mu maseri. Hapana. Haiendake vile.

Nianze na makuta ju njo pale batu banaumia. Nililipa dola 60 ya miezi tatu, dola 10 ya kuandikisha jina, na taksi mbili kuenda, mbili kurudi, ju natoka Kampemba kwenye nafanya ku farmasi. Masomo ilikuwa mara mbili mu juma, kila mara saa mbili. Ukihesabu yote ni saa 48, unaona ni mingi. Lakini tulikuwa batu 18. Nusu saa ya kwanza inaenda mu kupasha mwili na sauti, inabaki saa moja na nusu, sasa gawanya ile ku batu bawili bawili, makundi 9, kila kundi inapata dakika 10, na mu ile dakika 10 kuko kupanga biti, kuko kucheza, kuko mwalimu kukosoa. Mi mwenyewe kwa siku nilikuwa nacheza mbele ya batu dakika tano ao sita, na siku zingine hata moja hakuna, umeme inaenda, giza inaingia, tunarudi nyumbani. Hii njo hesabu hakuna mutu anakupigia mbele ulipe. Ile wakati ingine unakaa unaangalia benzako haina ya bure, kusema kweli nilifunda mingi mu kuangalia kuliko mu kucheza, lakini kama ulikuwa unawaza utakuwa mbele kila siku, ujue mapema.

Mwezi ya kwanza hatukushika teksti hata moja. Tunalala chini ku mukeka, mukono ju ya tumbo, tunavuta pumzi polepole mpaka mukono inapanda, na mwalimu anapita kati yetu anasema mama, mabega yako inapanda, pumzi yako iko mu shingo, ishushe. Alitueleza kama chini ya mapafu kuko musuli banaita diafragma, ukivuta pumzi inashuka, mapafu inapata nafasi, na ile pumzi njo inabeba sauti mpaka ku mutu wa mwisho bila kupiga makelele. Mi nilikuwa najua sauti ni mambo ya koo. Kisha kutembea, juma mbili nzima ya kutembea, tembea sawa mutu anaenda ku soko ya Kenya, ile ya hapa Lushi, na falanga mu mufuko, tembea sawa mutu anatoka kule na hakuuza kintu. Kijana moja wa Ruashi aliacha mu juma ya tatu, akasema hakulipa dola 60 ya kulala chini. Ninamuelewa. Lakini siku ya mwisho, pale tulicheza mbele ya bafamilia, batu karibu 70, bila mikro, mama yangu alikaa nyuma kabisa karibu ya mulango, na ku njia ya kurudi alinirudilia maneno yangu yote.

Kuko kintu ingine hakuna mutu alinieleza: ile sauti ya ku primeri. Sisi bote tuliosoma hapa tulifundishwa resitasio tangu mwaka ya kwanza primeri, mikono nyuma, macho ku ukuta, kifaransa inatoka sawa maji ku robine, na ile sauti iliingia mu mwili, haitoki upesi. Teksti ya kwanza mwalimu alitupatia ilikuwa ya kifaransa, na sisi bote 18 tuligeuka tena batoto ya primeri, hata papa moja mukubwa mwenye anafanya ku kampani ya mine, anasimama mugumu sawa mbao. Mwalimu alituacha tumalize bila kukata mutu. Kisha akasema, sasa niambieni ile mambo na luga ya nyumbani. Bandugu, chumba ilibadilika. Ule papa alianza kusema na mikono, akapiga hatua mbele, akatukasirikia kabisa, mi nilirudisha kiti nyuma.

Pale njo mwalimu alituongelea kundi ya teatre ya Mufwankolo, ile bazazi yetu balikuwa banafuata ku radio na ku televizio hapa Lushi. Mu 1986 mwana-antropolojia Johannes Fabian alikaa na bo na akafuata marepetisio yao, na balikuwa banajenga mucheze nzima kutoka ku mezali moja, bila teksti ya kuandikwa, banapatana paka njia ya hadisi, kisha banaikuza mu kucheza, mu Swahili ya hapa hapa. Ilinigusa sana. Mi nilikuwa naona improvizasio ni kintu yenye inatoka kwa Bazungu, kumbe bazee ya hapa balikuwa banaijua kitambo, na ni kazi yenye inaomba mupango, haina kusema ovyo ovyo.

Sasa siku ya maharagi. Sene ilikuwa hivi: dada anaomba kaka yake falanga ya matanga ya mama yao, kaka anakataa. Mi nililia. Nililia kweli, machozi na mafua, benzangu bengine bakaanza kupangusa macho, nikarudi kukaa na moyo mukubwa. Mwalimu alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza: mama, kaka yako alivaa shati gani? Sikujua. Mutu alikuwa mbele yangu dakika nne nzima na sikujua kama shati yake iko ya mikono murefu ao mufupi. Akasema, sisi ulitulilia, lakini yeye haukumuomba kintu.

Nililala mubaya ile usiku, ju nilijua ni kweli. Juma yenye ilifuata akaleta sahani ya maharagi, ile ya soko na mawe ndani, akaniambia chagua, usiache kuchagua, na umuombe kaka yako ile falanga. Basi bidole byangu bikawa binatafuta, jiwe, ganda, ingine yenye tundu, naweka pembeni, na maneno inatoka chini chini, sikuipamba, sikuwa na wakati ya kuipamba. Pale kaka alisema hapana, bidole bilisimama byenyewe. Niliangalia shati yake, ilikuwa ya mikono murefu, kifungo moja hakuna. Sikulia. Nilisikia chumba inanyamaza, batu bote pumzi ju, na mi bado nilikuwa nashika kajiwe kati ya bidole mbili.

Kama unaniuliza nililipia nini ile dola 60, nitakujibu ni ile dakika.

Nyuma nilisoma kidogo nikaona ile mafundisho iko ya zamani. Konstantin Stanislavski, Murusi mwenye alianzisha teatre Moscow na mwenzake mu 1898, alikuwa anaomba baakteri bajiulize: kama ni mimi ningekuwa mu hii hali, ningefanya nini? Ningefanya nini, haina ningesikia nini. Uchungu inakuja nyuma ao haikuji, na kazi inaendelea. Kuko pia zoezi ya Sanford Meisner wa Marekani, bawili banakaa uso kwa uso, moja anasema kintu anaona, "kifungo yako moja hakuna," mwenzake anarudilia, "kifungo yangu moja hakuna," na munarudilia vile vile bila kuongeza neno mpaka sauti inabadilika yenyewe. Mara ya kwanza unaona ni kupoteza wakati. Vumilia, ju pale njo masikio inafunguka, na wengi wetu bapya ni masikio tunakosa, mudomo tunayo.

Woga, kwa upande yangu, haikuisha. Mikono inatetemeka mpaka leo, ninakanyaga chini na miguu yote mbili, natoa pumzi yote kwanza mbele ya kuvuta ingine, inapunguka. Kushika teksti nayo inatoka na mazoezi, mi nilikuwa narekodi maneno ya mwenzangu mu simu, naacha nafasi ya kujibu, na napanga dawa ku marafu huku najibu.

Kamera sasa, ju njo ile batu banataka. Mu siku 24 za masomo, kamera tuliigusa mara tatu tu. Na mara ya kwanza kujiangalia iliniumiza, kila kintu yenye ilikuwa muzuri mu chumba ilikuwa mingi mingi mu kamera, nyusi inapanda inashuka, kichwa inatikisika, na mwalimu alinionyesha kama karibu vile kamera iko, kuwaza tu inatosha, macho inasema. Kama unataka paka filme, uliza mbele ulipe: kamera itakuwa mara ngapi? Mi sikuuliza.

Kazi je? Mpaka leo, kati ya sisi 18, bawili balipata kucheza mu teatre ya kufundisha batu mu makartie, ile yenye mutu wa mu public anaweza kusimama na kuchukua nafasi ya akteri ili aonyeshe njia ingine, ilianzishwa na Augusto Boal wa Brazili, na moja alionekana mu klipu ya muziki. Mi bado. Sertifika yenye banatupatia niliiweka mu plastiki na ninaipenda, lakini haifungui mulango yenyewe, na mwenye anataka diploma ya kweli ya teatre ajue kama Kinshasa kuko Institut National des Arts, kule banafunda miaka, haina miezi. Na tafadhali sana badogo yangu, hii naisema na uchungu: mwaka yenye ilipita, mbele ya hii formasio, nilitoa dola 25 kwa batu bamoja benye balisema ni ya kastingi ya filme, balinipiga foto, bakachukua namba yangu, na mpaka leo sikusikia kintu. Mutu anakutafuta kwa kazi, anakulipa yeye. Kama anakuomba falanga ya kukuangalia tu, rudi kwenu.

Mwenye bado anasitasita, kwanza aende kuangalia teatre ku Halle de l'Étoile, hapa Lushi, siku kuko mucheze, kisha aombe kukaa mu masomo siku moja bila kulipa, aangalie kintu moja tu: mwalimu akikosoa mutu, ule mutu anarudilia palepale ao anarudi kukaa? Kama anarudi kukaa, hakufunda. Kwetu tulikuwa tunarudilia, hata kama wakati ilikuwa inaisha, na njo maana napatia ile formasio pointi muzuri pamoja na ile yote nilisema.

Nilishalipa nusu ya nivo ya pili, inaanza juma yenye inakuja. Mwalimu aliomba kila mutu akuje na kazi moja ya mikono yenye anafanya bila kuwaza. Mi nitabeba bidonge na ile kasahani ya kuhesabia, tano tano, sawa kila siku ku farmasi.