Tui la boksi, blenda au mbuzi? Nimeyatia yote kwenye shelisheli

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena jikoni kwetu Wete, Pemba. Leo sina pishi jipya. Mmeniuliza sana kuhusu haya matui ya boksi yanayouzwa madukani, kama yanafaa au ni kupoteza pesa. Basi nimelinunua moja, nikakamua na la blenda, nikakamua na la mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, yote matatu nikayapikia shelisheli, lile tunda la kupika kama muhogo. Kwa nini shelisheli? Kwa sababu lenyewe limepoa, halina ladha ya kufunika kitu. Tui likiwa bovu utalijua tonge la kwanza tu. Na sasa mashelisheli yamejaa sokoni.

Mkienda kununua, chagueni lililokomaa lakini bado gumu, vile vipele vya ngozi vimeanza kulala na juu pana michirizi ya utomvu uliokauka. Likibonyea kidoleni limeshaiva, litavurugika sufuriani. Na kabla ya kumenya jipakeni mafuta mikononi na kwenye kisu, ule utomvu ukishika haubanduki.

Haya, masufuria matatu. Shelisheli kiasi kilekile, kitunguu, chumvi, pilipili mbuzi nzima. Tofauti ni tui tu.

Boksi hili hapa, nalifungua. Zito, jeupe, halijajitenga hata kidogo. Sasa geuzeni nyuma msome: nazi, maji, halafu hapa pameandikwa E412. Hiyo ni gundi ya mbegu za guar, ndiyo inayolishika tui. Msitishane, si sumu. Na ina faida yake: nimelichemsha kwa fujo makusudi, halikukatika wala kujitenga. Kwa anayeanza kupika hiyo ni raha kubwa. Lakini sogeza kamera, tazameni upawa. Mchuzi unateleza kama uji, na juu hamna jicho la mafuta hata moja. Harufu ya nazi ipo kwa mbali. Mkwe wangu kalionja akauliza, "Hili nazi yake iko wapi?" Mie nikanyamaza.

La blenda ndilo ninalolitumia siku nyingi, sitaki kujifanya. Nazi ikate vipande vidogo, tia maji ya vuguvugu, saga kidogo kidogo, pumzisha mota. Ladha nzuri, karibu sana na la mbuzi. Ila blenda inasaga chicha, yale makapi ya nazi, ikawa laini mno, inapenya chujio la chai, unakula shelisheli huku ulimi unahisi mchanga. Chujeni kwa kitambaa, mkikamue mpaka mkono uchoke.

Sasa mbuzi. Ndiyo, kazi ipo, na vidole vina hatari. Ikune nazi taratibu, ukikaribia kifuu acha, usije ukatia rangi. Mimina maji kidogo ya vuguvugu, fikicha, kamua kwenye kifumbu, kile kichujio cha kusukwa: hilo tui zito weka kando. Rudia na maji mengi upate tui jepesi, hilo ndilo la kuchemshia shelisheli mpaka lilainike. Tui zito linaingia mwisho, moto mdogo, unachota na kumimina, unachota na kumimina, usiondoke. Ndimu bado usitie, kwa sababu moto mkali na ukali wa ndimu ndivyo vinavyolikata. Oneni hapo pembeni mafuta yanavyoanza kuchungulia! Boksi halikunipa hiyo, na mie bila hiyo sili shelisheli.

Kwa hiyo boksi nalitupa? Aku! Kwa maandazi sina neno nalo, ndani ya unga hata mie silitambui. Kwa wali lizimueni maji kwanza, mkilitia lote unanata. Kwa mchuzi wa samaki wa siku ya haraka linapita. Bei piga hesabu mwenyewe: sie nazi tunaokota kwa jirani, aliye Dubai mambo yake mengine. Na ukishalifungua lisilale kwenye boksi lake, hamishia chupa yenye kifuniko, litie friji, ulimalize upesi.

Na yule dada aliyeuliza kama pweza wa nazi anafaa kwa boksi: mchemshe pweza kwanza peke yake mpaka alainike, tui la boksi litie baadaye, na ukipata hata nusu nazi ya kukuna, tui lake zito mmiminie unapokaribia kuepua.