Sanduku la uzi mmoja kutoka Majengo: sauti safi, ila nenda na rula yako

Nimefundisha kwaya hapa Dodoma miaka kumi na tisa, na ugomvi wetu haujawahi kuwa wa sare. Ugomvi wetu ni mi, noti ya tatu ya do-re-mi. Sauti ya pili wakiimba bila kinanda, mi yao inatulia vizuri. Kinanda kikiingia, wanaonekana wamepotea. Nikatafuta mwamuzi asiyetumia umeme: sanduku la uzi mmoja, lile ambalo Wagiriki wa kale waliliita kanoni.

Dukani hulipati. Nilimpelekea fundi seremala mmoja karibu na soko la Majengo mchoro kwenye karatasi ya daftari: ubavu wa mninga, juu plaiwudi nyembamba, kigingi cha kukazia, na uzi wenye urefu wa sentimita 72 kamili. Akautazama mchoro, akauliza, "Mwalimu, hili si zeze lililonyimwa kibuyu?" Tukacheka. Tulipatana shilingi 65,000, uzi wa gitaa nilete mwenyewe.

Namba 72 niliichagua kwa sababu inagawanyika bila kuacha makombo. Uzi mzima ukiuita do, ukiubana kwenye 36 unapata do ya juu. Kwenye 48 ni so, yaani uzi mzima kwa kipande kinacholia ni 3 kwa 2. Kwenye 54 ni fa, 4 kwa 3. Kwenye 64 ni re, 9 kwa 8, na hatua hiyohiyo ya 9 kwa 8 ndiyo inayotenganisha fa na so. Hesabu hizi huhusishwa na Pythagoras wa Samos, wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Husimuliwa kwamba alizipata kwa kusikiliza nyundo za wahunzi na kuzipima uzito, kisha kuuning'iniza uzito huo kwenye nyuzi. Jirani wa fundi wangu ni watu wa mageti, wanagonga vyuma mchana kutwa, na sikusikia so hata moja. Hadithi yenyewe haisimami: uzi ukiuning'inizia uzito mara mbili haukupi do ya juu, unataka mara nne.

Sasa kasoro. Siku ya kuchukua mzigo nilibana kwenye alama ya 36, nikapata kitu kilichokaribia do ya juu, kikachubua sikio. Kumbe alama alizipima kuanzia ukingo wa mbao badala ya pale uzi unapokalia, zote zikahama milimita 4. "Mama, milimita nne kwenye kabati nani anaziona?" Kweli, kwenye kabati. Alirekebisha bila kudai hata mia, lakini nilisubiri siku nane na nauli za bodaboda zilikuwa zangu. Halafu kile kidaraja cha kusogeza chini ya uzi kilikuwa kirefu mno. Kiliunyanyua uzi, uzi ukakaza, kila sauti ikapanda. Hicho nilikisugua msasa mwenyewe kibarazani mpaka kikawa kinaugusa uzi tu.

Baada ya hapo, mi. Ukipanda hatua mbili za 9 kwa 8 kutoka do, kama walivyofanya wafuasi wa Pythagoras, unapata 81 kwa 64, na kwenye sanduku langu hapo ni 56.9. Mi ya kinanda inaangukia kama 57.1. Mi ya 5 kwa 4, ambayo mwanahisabati Mgiriki Archytas wa Tarentum aliijua tangu karne ya 4 kabla ya Kristo, iko 57.6. Mi tatu ndani ya milimita 7! Ncha ya kidole changu inazifunika zote.

Nilizifunika kwa karatasi, nikamwita babu jirani yetu, Mgogo wa Chamwino, mpiga zeze. Akaupiga uzi mtupu, akasogeza kidaraja mbele, akakirudisha kidogo, akaacha. Nilipofunua karatasi, kilikuwa kimesimama karibu kabisa na 57.6. Nikamuuliza amejuaje. Hakujibu. Alikiondoa kidaraja, akaugusa uzi kwa wepesi kwenye moja ya tano yake, akaupiga. Ikatoka filimbi nyembamba, mi ileile, oktava mbili juu. "Uzi wenyewe unayo," akasema. Muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo za asili za uzi, kwa hiyo alikuwa nyumbani. Aristoxenus, mwandishi wa muziki na mwana wa Tarentum vilevile, aliwapinga watu wa namba, akisema mwamuzi wa sauti ni sikio. Yeye na babu wangeelewana.

Sauti ya pili walikuwa sahihi basi, na nimewaomba radhi. Mpiga kinanda amenuna.

Kwa bei ile sanduku linafaa: mninga haujapinda, kigingi kinashika, plaiwudi inatoa sauti ya kujaza sebule. Ninachojutia ni uzi kuwa mmoja, maana huwezi kuzisikia do na mi kwa pamoja. Ptolemy wa Alexandria, mtaalamu wa nyota na hesabu, alishaeleza kanoni ya nyuzi nane katika karne ya 2 baada ya Kristo, ningemsikiliza mapema. La pili nimeagiza lenye nyuzi mbili, shilingi 80,000, na safari hii alama nachora mwenyewe, yeye anatoboa.