Viroboto-maji sita walikufa kwenye maji safi, na bado wakagonga mhuri

Sita! Viroboto-maji sita kati ya ishirini, vidudu vidogo ambavyo maabara huvitumia kupima sumu ya maji, walilemaa ndani ya maji safi yasiyo na tone la uchafu wetu, na bado mtu alichukua mhuri akagonga, akanisukumia karatasi dirishani: "Mama, maji yenu ni sumu."

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunatengeneza batiki hapa Dar. Maji ya kusuuzia vitambaa yanaingia mtaroni, na mtaro wetu unaishia Mto Msimbazi. Mteja wetu mmoja wa nje alitaka tumhakikishie kwamba maji hayo hayaui viumbe. Vipimo vya kemikali tulikuwa navyo, ila vile hutaja kitu kimoja kimoja, kila kimoja na kiwango chake. Mdudu aliye mtoni hapati kimoja kimoja, vinamwingia vyote kwa pamoja. Ndiyo maana tukachangishana, tukaenda maabara inayopima kwa viumbe hai.

Siku ya kwanza nilitoka pale nimefurahi sana. Alinipokea binti mmoja, shikamoo yake ya heshima, akanivuta hadi kwenye hadubini. "Angalia hapo katikati, mama." Nikaona moyo unadunda! Kidudu hakifiki hata milimita moja, kimezaliwa saa chache tu zilizopita, mwili wake unapenya mwanga kama kioo, na moyo unaenda mbio. Akanieleza bila haraka. Wanachukuliwa wachanga wasiozidi saa 24, wanawekwa watano watano katika vikombe vinne kwa kila kiwango: majitaka matupu, nusu yake, robo yake, hivyo hivyo kushuka. Hawalishwi. Baada ya saa 48 kikombe kinatikiswa taratibu, na asiyeogelea ndani ya sekunde 15 anahesabiwa kuwa amelemaa. Pembeni vinakaa vikombe vya maji safi. "Hawa ndio mashahidi wetu," akasema. "Wakilemaa zaidi ya wawili kati ya ishirini, jaribio zima linatupwa."

Maneno hayo niliyashika. Kwa hiyo nilipopewa ripoti, sikuanza na hitimisho, nilitafuta mashahidi. Ukurasa wa pili, chini kabisa, kwa herufi ndogo: sita.

Binti hakuwepo siku hiyo. Alikuwepo kaka wa mapokezi. Nikamuuliza kwa adabu, mbona hawa wa maji safi nao wamekufa? Hakuitazama hata karatasi. "Mama, mambo ya ndani hayakuhusu. Unaitaka ripoti au huitaki?" Hayanihusu! Mimi niliyeamka usiku kujaza chupa hadi mdomoni isibaki hewa, nikazifukia kwenye deli la barafu, nikapanda nalo daladala mbili ili zifike siku ileile! Na nakumbuka vizuri, siku niliyopeleka umeme ulikuwa umekatika, AC kimya, sisi wote tunatiririka jasho. Chumba cha wale wadudu kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 18 na 22. Siwezi kuapa kwamba joto ndilo lililowaua, lakini kuna kilichowaua, na hakikutoka kwetu.

Nilikaa kwenye benchi lao mpaka mkubwa wao akatoka. Alisoma ule ukurasa wa pili mara moja tu, akasema watarudia bila malipo. Hakuomba radhi.

Basi, wakarudia kwa maji mapya niliyowapelekea. Safari hii binti ndiye aliyesimamia. Kwenye maji safi waliogelea wote ishirini. Kwenye yetu, yakiwa matupu, hakusogea hata mmoja. Hata yalipopunguzwa hadi robo, zaidi ya nusu walikuwa wamelala chini. Binti akanionyesha pH, yaani kipimo cha asidi au magadi kwenye maji: iko juu mno. Ni kostiki soda tunayoyeyushia rangi. Niliumia, sitaficha. Miaka yote tunamwaga mtaroni tukiamini kwamba rangi ikififia, maji yamepona.

Kuna mwenzangu ameniambia, si unaona, hata ripoti ya kwanza ilisema kweli. Nakataa. Ile haikusema chochote. Kama maji yetu yangekuwa salama, yule kaka angenipa karatasi ileile, mhuri uleule, na akina mama kumi na wanne wangekosa oda.

Nilikuja hapa kuwaambia msiende, na nikimkumbuka yule kaka bado nasema msiende. Lakini kipimo chenyewe ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kulipia, na bila yule binti tungekuwa bado tunaua wadudu wa Msimbazi bila kujua. Kwa hiyo nendeni, ila ombeni hesabu ya vikombe vya maji safi kabla hamjatia saini popote.

Sasa tunayakusanya maji kwenye mapipa na kuyatibu kwa asidi kidogo kidogo mpaka pH ishuke, kisha tunayaacha yatulie. Wiki ijayo napeleka chupa nyingine. Nitapiga simu kwanza kuuliza kama binti yupo zamu. Nikimkuta kaka peke yake, narudi nyumbani na deli langu.