Kamera ya Filamu ya Kwanza: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kabla hujauliza bei ya kamera yoyote ya filamu, ulizia kwanza mahali pa kusafishia filamu, yaani kuitoa picha kwa dawa. Studio nyingi zilizokuwa zikisafisha mikanda siku hizi zinapiga pasipoti na kutoa fotokopi tu. Ukishajua filamu yako itasafishwa wapi, hata kama ni kwa kuituma mji mwingine kwa basi, ndipo utoe pesa mfukoni.

Nambari moja kwangu, bila kusita, ni Pentax K1000. Ilianza kuuzwa 1976 na ikatengenezwa hadi 1997, ndiyo maana mitumba yake bado inapatikana. Haikuamulii lolote. Unachagua kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, unazungusha pete ya tundu la lenzi linalopitisha mwanga huo, na ukichungulia unaona mshale mmoja upande wa kulia. Mshale ukikaa katikati, mwanga umetosha. Ukipanda, picha itaungua. Ukishuka, itatoka giza. Piga mikanda mitatu minne kwa kuufuata mshale huo na utashangaa: unatoka nje asubuhi, unatazama kivuli cha mwembe, na tayari unajua uweke ngapi.

Betri yake ndogo, LR44, ni ya mshale tu. Ikifa, kamera inaendelea kupiga, nawe unarudi kwenye kanuni ya wapiga picha wa zamani: jua kali, tundu 16, na kasi iliyo karibu na namba ya filamu (ISO, wepesi wake wa kushika mwanga). Filamu ya 200, basi 1/250 ya sekunde. Kipima mwanga hakina swichi ya kuzimia, kwa hiyo funika lenzi kila unapoiweka kamera chini, la sivyo betri itakwisha kabatini.

Ya pili ni Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Hii ni ya mtu anayetaka picha za watoto, safari na sikukuu bila kuhangaika na namba. Haihitaji betri kabisa. Vijicho vilivyozunguka lenzi, vilivyopangana kama sega la nyuki, vinapata nguvu kutoka kwenye mwanga wenyewe. Umbali unauchagua kwa vijipicha: kichwa cha mtu, watu wawili, kundi, mlima. Giza likizidi, kibendera chekundu kinajitokeza kwenye kidirisha na shata inakataa. Hapo ndipo pa kuipimia dukani, ikiwa kwenye alama ya A (ya kujiamulia yenyewe): izibe vijicho kwa kiganja ubonyeze, kibendera lazima kitokee; kisha ielekeze kwenye mwanga wa mlangoni, lazima ipige. Ikishindwa moja ya haya mawili, mrudishie mwenyewe.

Canon AE-1, ya 1976 pia, naiweka ya tatu ingawa ndiyo wengi wanaiulizia. Picha zake ni safi na inakuchagulia tundu yenyewe, lakini bila betri ya volti 6 haipigi hata picha moja. Isikilize unapobonyeza. Ikitoa mlio kama bawaba kavu, inahitaji fundi, na fundi wa kuifungua si kila mtaa anapatikana.

Zenit-E ya Kisovieti ni ya nne: nzito, kasi zake zinaishia 1/500, na kipima mwanga chake mara nyingi kimechoka. Ukiipata kwa bei ya chini kabisa na lenzi yake ya Helios ni safi, chukua. Zile ndogo zinazojiendesha zenyewe kwa umeme ziache. Zikizima, vipuri hakuna.

Sasa lenzi, na hapa wa pwani tuwe makini zaidi. Unyevu wetu huotesha ukungu ndani ya vioo. Lenzi yangu ya kwanza niliitazama kwa mbele tu, ikang'aa, nikalipa. Nyumbani nikaimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma: nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kila picha niliyopiga kuelekea mwanga ilitoka na ukungu wa maziwa. Kwa hiyo mulika, inamisha, mulika tena. Fungua na mgongo wa kamera. Sponji nyeusi kwenye kingo zikinata kidoleni, mwanga utapenya, ila kuzibadilisha ni kazi ndogo. Kama kamera ina kasi ya sekunde 1, iweke hapo usikilize: shata ifunguke, ikae, ifunge.

Filamu ya kuanzia iwe Kodak Gold 200 ya picha 36, au Ilford HP5 Plus ukitaka nyeusi na nyeupe ya kusafisha mwenyewe nyumbani. Usiiache kwenye gari juani.

Na unapoipakia, tazama kile kishikio cha kurudishia mkanda, kushoto juu. Harusi ya binamu yangu niliipiga yote, kutoka kupambwa hadi kuagana, na mkanda haukuwa umeshika kwenye roli. Ulirudi kutoka kusafishwa hauna hata sura moja. Kaza mkanda kwa kukizungusha kishikio taratibu, kisha vuta mkono wa kusogezea filamu. Kishikio kikizunguka chenyewe, mkanda unakwenda. Kikitulia, fungua upakie upya kabla bibi harusi hajatoka ndani.