Viti maalumu Tanzania, mwakilishi wa kike Kenya

Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita, na moja ni ya mwakilishi wa kike wa kaunti, yaani mbunge mwanamke wa kaunti nzima. Wote wanaiwekea alama, wanaume kwa wanawake. Mwenzake wa Tanzania Bara hupewa tatu: rais, mbunge, diwani. Mbunge wa viti maalumu, vile vilivyotengewa wanawake, hayumo hata kwenye moja. Jina lake linatoka kwenye orodha ya chama, na viti hugawanywa kulingana na kura ambazo chama kimepata.

Kwa idadi, Tanzania inaongoza. Katiba yake inataka viti maalumu visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Mwaka 2020 vilikuwa 113. Kenya ina 47 tu, kimoja kila kaunti, na kanuni ya theluthi mbili iliyomo kwenye Katiba ya 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, bado haijatimizwa bungeni. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa.

Lakini idadi si nguvu. Waziri Mkuu wa Tanzania lazima awe mbunge wa jimbo, kwa hiyo wa viti maalumu amefungiwa mlango huo, na akigombana na chama hana wapiga kura wa kukimbilia. Mwakilishi wa kike wa Kenya huzunguka kaunti nzima, majimbo hata kumi na zaidi, akiomba kura kama gavana. Kampeni hiyo inamchosha na kumfilisi, ila akishinda hadaiwi fadhila na kamati ya chama. Mimi ningechagua hiyo karatasi ya sita.